Manyoya Meusi Kwenye Mmea Wako wa Mawe

Mama Numbi,

Kosa la watu wengi, wakiona mwani umeota ndani ya kioo cha samaki, ni kudhani kwamba ni uchafu. Wanauona kama masizi kwenye sufuria: umetoka nje, umeshika, basi usuguliwe. Wanamwaga maji yote, wanaosha mawe, wanang'arisha kioo, na baada ya wiki mbili mwani umerudi na ndugu zake. Mwani si uchafu. Ni kitu kinachoishi kwa mwanga na chakula kama mmea wowote, tena chenye njaa kubwa, na mahali popote ulipoota yuko mtu anayeulisha bila kujua. Kabla ya kuuliza namna ya kuuondoa, inafaa kuuliza ni nani anayeulisha.

Unaona, naweza kulieleza jambo hilo vizuri. Nililieleza darasani miaka yote ile ya kufundisha biolojia, ubaoni, kwa chaki za rangi mbili. Na bado kosa hilo nililifanya mimi, kwa mikono yangu, ndani ya nyumba yako, mwezi mmoja tu baada ya kukuzika.

Nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha vitabu na najua ungecheka. Ulizoea kuniambia, "Baba Numbi, sema kama bantu," yaani kama watu. Lakini nikijaribu kusema nawe kama tulivyosema jikoni, ninaishia katikati. Kwa Kiswahili cha vitabu naweza kufika mwisho wa sentensi.

Ni miezi saba sasa. Ulituacha kiangazi kikianza, na leo mvua inanyesha karibu kila alasiri, na ule ukuta wa nyuma ulioniambia nitengeneze umeanguka upande mmoja. Kinamama wa kanisa wameacha kuja kila siku, jambo ambalo ni haki yao, wana nyumba zao. Bukari ninayopika, ugali kwa Kiswahili cha vitabu, ina mabonge. Sokoni watu bado wananisimamisha kuniambia kwamba wewe ndiwe uliyewapokea watoto wao, au kwamba uliwapima presha na kuwagombeza kuhusu chumvi. Nawaambia asante. Presha ilikuchukua wewe uliyepima presha ya nusu ya mji huu, na hakuna hata siku moja niliyokumbuka kukuuliza yako ni ngapi.

Jumamosi hii ndugu zako wanakuja kutosha kilio, yaani kumaliza matanga. Tutasali uani, tutakula, kisha vitu vyako vitagawanywa kama inavyofanyika: vitenge kwa dada zako, sufuria kubwa kwa shangazi yako, cherehani kwa binti yetu Numbi. Nimekubali yote. Kitu kimoja tu nimeomba kibaki, kile kioo chako cha samaki na mimea. Kwenye kikao cha ukoo cha wiki iliyopita, dada yako mkubwa, Mama Kaseya, akajibu mbele ya wote kwamba kitabaki kama bado kinaishi. Kama Jumamosi kitakuwa cheusi vile kilivyo, maji yatamwagwa, na kioo kitakwenda kwake pale kituoni anapowauzia mandazi abiria wa treni.

"Shemeki," aliniambia, "iyi sanduku iko muzuri sana ya kutiamo mandazi. Bantu banaona, nzi haiingie. Weye uko unafuga makaa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ni kweli. Kinafanana na kioo kilichojaa makaa. Usimkasirikie. Alilala juu ya mkeka wiki nzima kwa ajili yako, na mgongo wake unaujua. Yeye anaona kitu cha dada yake kinaoza katika nyumba ya mwanamume asiyejua kukitunza, na hilo pia ni kweli.

Leo ni Alhamisi. Nimebakiwa na siku mbili, na sijui la kufanya. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Kilianza na chupa, unakumbuka. Ulikwenda Kinkondja na kikundi cha chanjo, wenzako wakarudi na mafungu ya samaki wakavu, wewe ukarudi na chupa ya majani. Majani marefu membamba kama mkanda, yamekunjwa ndani ya maji ya ziwa, na kati yake samaki wawili wadogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nilikuuliza ni ya nini. Ukasema, "Ya kuangalia." Nilidhani ungechoka nayo baada ya wiki. Chupa ikawa ndoo, ndoo ikawa beseni, halafu jirani yetu Papa Kyungu, aliyestaafu kwenye karakana ya reli, akapata vioo vya madirisha ya behewa lililochakaa, akakukatia sanduku refu kama mkono wangu wote. Lilivuja mara tatu kabla ya kukubali. Ukaliweka sebuleni chini ya taa ndogo inayotumia paneli ya jua, pamoja na pampu ya hewa inayonguruma kama mtu anayelala.

Halafu ule mmea wa mawe. Wakati ule lori lilipokwama kwenye tope njia ya Kabondo-Dianda, wanaume walipiga kelele na kumtukana dereva, na wewe ukavua viatu ukashuka kwenye kijito. Ulirudi umelowa mpaka magotini, na jiwe mkononi, na juu ya jiwe mmea wa kijani kizito, majani yamechanika pembeni kama manyoya ya ndege. Vitabu vyangu vya Kifaransa viliuita fujere ya majini, aina ya kangaga. Wewe uliuita wa mawe tu, kwa sababu hautaki kupandwa mchangani. Ukizikwa shina unaoza. Unataka kushikilia jiwe. Uliugawa, ukaufunga juu ya mawe mengine kwa uzi wa kushonea vidonda, kwa fundo lile lile la kazini kwako, na baada ya mwaka mmoja ulikuwa umefunika upande mzima.

Kila Jumamosi asubuhi ulitoa robo ya maji, ukaongeza maji ya kisima yaliyokuwa yamekaa katika ndoo tangu jana yake. Mimi niliketi kwenye kiti changu nikikueleza. Nilikueleza jinsi jani linavyokula mwanga. Nilikueleza kwamba mavi ya samaki yanakuwa sumu, na kwamba kuna viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokaa juu ya mawe na mchanga, wanaoigeuza sumu hiyo kuwa chakula cha mimea. Uliniacha niseme mpaka mwisho, mikono yako majini hadi kwenye viwiko. Siku moja ukajibu bila kugeuka, "Weye unajua maneno ya maji. Minyi njo najua maji," yaani maneno ni yangu, maji ni yako.

Nilicheka. Nilipenda neno lako hilo hata nikawasimulia walimu wenzangu. Lakini sikuitazama mikono yako. Leo ningetoa vitabu vyangu vyote nipate asubuhi moja tu ya Jumamosi, niketi pale, nifunge mdomo, nitazame mikono yako inafanya nini.

Nikueleze ilivyotokea, kwa sababu hukuwapo. Yaani ulikuwapo, sebuleni, umelazwa, lakini hukuona.

Kwa ajili ya kilio walitoa viti vyote nje, meza, kabati la vyombo, wakatandika mikeka. Kioo chako hakikutoka. Vijana wanne walijaribu kukinyanyua, Papa Kyungu akawakemea kwamba kitapasuka. Basi kinamama wakaketi wakikizunguka. Na kwa kuwa umeme wa mji haukuwapo wiki ile, taa ya samaki ndiyo iliyotuangazia. Nyumba yenye msiba haikai gizani, walisema, na hakuna aliyethubutu kuizima. Iliwaka siku zote za kilio bila kupumzika. Wewe uliizima kila jioni baada ya chakula. Mimea nayo inataka kulala, ulisema.

Taa peke yake isingeleta maafa. Lilikuja jambo jingine, na sijui kama nilie au nicheke. Unajua samaki wale wanavyofanya: wakiona mtu, wanakuja mbele kwenye kioo, wanafungua midomo, wanafunga. Mwanamke mmoja, sikumtambua, labda mmoja wa wale uliowazalisha, aliwaona wakifanya hivyo, akasema, "Na bale nabo beko bayatima. Mama yabo ameenda. Mubape kitu." Akawatupia kipande cha mkate. Wakala. Basi ikawa desturi ya kilio chako. Kila mtu aliyeingia kutoa pole alinishika mkono mimi, akamshika Numbi, kisha akaenda kwenye kioo kuwapa pole samaki. Mkate, wali, bukari, hata vipande vya nyama. Watoto waliinuliwa mabegani ili watupe chao. Niliona yote hayo. Mimi, mwalimu wa biolojia, nilikaa ukutani nikaona chakula kile chote kikianguka chini kati ya mawe, na nilijua kitakachofuata, neno kwa neno kama kitabuni. Lakini ningewaambiaje waache? Kila kipande kilikuwa kwa ajili yako. Ilikuwa mara ya kwanza siku zile kuona watu wakikulilia huku wanatabasamu.

Samaki hawakuweza kula hata robo yake. Kilichobaki kilioza. Kwanza maji yakawa ya kijani, siku mbili tatu tu, mpaka sikuweza kuona upande wa pili. Huo ni mwani wa aina ya kwanza, chembe ndogo ndogo zinazoelea. Huja haraka na hauna mizizi katika chochote. Ningengoja, ningezima taa, ungepungua. Lakini wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, nyumba imenyamaza, na mimi nilitaka kufanya kitu. Nilitoa maji yote. Nilitoa mchanga, nikaumwagia maji ya moto kwenye beseni. Nilisugua kila jiwe lako kwa brashi ya nguo. Nilifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri na nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza. Nikajaza maji ya kisima, ya baridi, moja kwa moja kutoka kwenye ndoo. Kioo kiling'aa. Nikaketi kukitazama kama mtu aliyelipia kosa lake.

Wale viumbe wadogo niliokueleza habari zao kila Jumamosi, wanaokula sumu, nilikuwa nimewachemsha. Baada ya siku nne samaki sita walikuwa juu, ubavu. Mmoja wao ni yule mwenye mstari mweusi, mkubwa, uliyemwita Sefu de gari, yaani mkuu wa kituo cha treni, kwa sababu alizunguka akiwakagua wenzake. Niliwazika kando ya mipapai. Sikumwambia mtu.

Na hapo ndipo ulipoanza mwani huu wa pili, mweusi. Mwanzoni ulikuwa nukta tu kwenye kingo za majani ya mmea wa mawe. Baada ya mwezi nukta zikawa nywele, na nywele zikawa mafungu ya manyoya meusi yanayoyumba kila pampu inapotoa hewa. Si mlegevu kama ule wa kijani. Ukiuvuta, jani linachanika, wenyewe unabaki. Hauipendi mimea inayokua haraka, kwa sababu jani la haraka linauacha nyuma. Yale majani marefu ya Kinkondja yako salama, karibu yote. Unapenda mmea wa polepole, wenye majani yanayokaa mwaka na zaidi, na zaidi ya yote unapenda jani lililozeeka, lililochoka, linalovujisha chakula kidogo kidogo kutoka ndani yake. Hapo unakaa na hauondoki.

Nimejaribu. Nataka ujue kwamba nimejaribu. Nilifunika kioo kwa blanketi siku tatu nzima, taa imezimwa, na maji yaliyokuwa yameanza tena kuwa ya kijani yalisafika vizuri. Manyoya hayakujali. Nilipunguza masaa ya taa. Nilirudia robo yako ya maji kila Jumamosi, kutoka ndoo iliyolala. Halafu nikafungua kabati lako la dawa. Nilikuwa sijalifungua tangu... Nilichukua yale maji ya oksijeni unayosafishia vidonda, na bomba moja la sindano lisilo na sindano, nikazima pampu, nikanyunyiza polepole juu ya manyoya yenyewe, kidogo kidogo, kama ningekuwa nimesoma kazi yako. Mapovu yakatoka. Baada ya siku mbili manyoya yalibadilika rangi, yakawa mekundu kama divai, kisha kijivu, kisha konokono, wale waliokuja na mimea yako, wakaanza kuyala. Mama Numbi, niliimba siku ile. Nilitoka nje nikamwita Papa Kyungu aje kuona.

Wiki tatu baadaye yalikuwa yamerudi, kwenye majani yale yale.

Papa Kyungu naye amefanya lake. Alileta waya mnene aliotoa kwenye mota yake iliyokufa, ameukunja kama mkate wa mviringo. "Mwalimu, tiamo mukuba," akasema, yaani shaba. "Bantu ba Katanga tunakosaje dawa na mukuba iko? Siku mbili, yote itakufa." Na alisema kweli kuliko alivyojua: shaba ingeua mwani, na konokono, na mimea, na samaki, yote kwa pamoja. Nilimweleza kwa urefu. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Basi weye unataka dawa yenye inachagua." Ndiyo. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Lakini nilikuwa nimechoka sana hata nikautia waya wake ndani ya maji, na kabla ya chakula cha mchana konokono wote walikuwa wamepanda kutoka majini, wamejipanga juu ya ukingo wa kioo. Nikautoa. Niliwatazama wale konokono nikaona aibu, kama mtu aliyekutwa akiiba.

Sasa nitakuambia nisichomwambia mtu mwingine.

Nilikuandikia hapo juu kwamba swali ni nani anaulisha mwani. Nilitaka uamini ni wale waliokuja kilioni. Lakini chakula chao kiliisha zamani. Ni mimi. Samaki waliobaki ni tisa, na ninawalisha asubuhi, na saa sita, na jioni kabla ya kuzima taa. Wewe uliwapa mara moja, kile kinachotosha kwenye ncha ya kidole, na siku moja katika juma hukuwapa kabisa. Najua. Lakini nikiingia sebuleni wanakuja mbele wanafungua midomo, na katika nyumba hii hakuna mwingine anayekuja mbele ninapoingia. Basi ninawapa. Ninafanya hasa yale waliyofanya wanawake wa kilio, ila wao walifanya kwa juma moja, mimi kwa miezi saba.

Na jambo la pili ni baya zaidi. Nimejua tangu mwanzo dawa ya manyoya haya ni nini. Iko katika kitabu chochote. Jani lililoshikwa kwenye ukingo halirudi kuwa jani safi. Linakatwa. Unakata kila lenye manyoya, unaliacha shina na yale machanga yanayotoka, unapunguza chakula, na mmea ukipata nguvu unafunga mlango wenyewe. Si kazi ngumu. Mtoto angeweza.

Lakini nimeyatazama yale majani kwa uangalifu, kila siku, kama nisivyowahi kukutazama ukifanya kazi. Yaliyo na manyoya ni yale ya zamani. Yalikuwapo ukiwa hai. Mengine yalikuwapo asubuhi ile ile, ulipotia mkono ukaondoa jani moja la njano, ukajifuta kwenye kitenge, ukatoka nje kwenda kuchambua maharage barazani, na hukurudi ndani kwa miguu yako. Mikono yako imeyagusa. Machanga, yale ya kijani safi, yaliyokunjika kama ngumi ya mtoto, yote yametoka baada yako. Hayakujui. Nikikata meusi yote, juu ya mawe yale halitabaki jani lolote uliloliona kwa macho yako. Kitakuwa kioo changu.

Kwa hiyo nimekuwa nikinyunyiza, nikifunika, nikieleza. Nilitafuta dawa yenye inachagua.

Juzi nilimpigia simu Numbi huko Lubumbashi. Nilitaka kumwuliza habari za treni atakayokuja nayo, nikajikuta ninamweleza yote, hata hili la majani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti yako, ile ya zamu ya kazi, "Papa, mama alikuwa anakataka kila mwezi. Na mukasi yake ya kazi. Haukuonaka?"

Nikasema sikuona.

"Ile majani unalinda," akasema, "mama angekuwa amekwisha kuikata."

Nilikata simu kwa adabu. Nilikwenda kuketi kwenye kiti changu. Miaka yote ile, Mama Numbi. Kila mwezi. Nilikuwa umbali wa hatua tatu kutoka kwako, gazeti mkononi, mdomo wazi, nikikueleza maisha ya jani, na wewe ulikuwa unayakata majani mbele yangu ukiyatia katika bakuli, na sikuona. Niliona tu kwamba kioo ni kizuri. Nilidhani ni kizuri kwa sababu hakiguswi.

Sasa sina hata la kujitetea. Siwezi kusema ninalinda kazi ya mikono yako, kwa maana kazi ya mikono yako ilikuwa kukata. Na bado mkono wangu hauendi. Jana niliutafuta mkasi, nikaupata katika kabati lako, umefungwa katika kitambaa cheupe, nikaufungua, nikausafisha kwa maji moto kama ulivyofanya. Nilitia mkono majini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Samaki walikuja kunusa vidole vyangu. Nilishika jani moja kati ya vidole viwili, zito kwa manyoya, na nikasimama hivyo mpaka mvua ilipoanza na kuacha. Kisha nikautoa mkono wangu na jani likabaki pale.

Unajua, wanafunzi wangu waliniita Mwalimu Sababu, kwa kuwa sikuwaacha waandike jibu bila sababu yake. Sababu ninayo. Ninayo kamili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ningeweza kuichora ubaoni sasa hivi. Hainisaidii hata kidogo.

Hata nikikata leo, sijui kama siku mbili zitatosha. Mama Kaseya atakuja akute mawe yaliyonyolewa na machipukizi machache, na sijui kama kwa macho yake hicho ni kioo kinachoishi. Huenda atasema, "Shemeki, sasa hata makaa hayako." Huenda maji yatamwagwa vilevile mbele yangu, na samaki tisa watawekwa katika ndoo, na wiki ijayo nitapita kituoni nione mandazi yamepangwa vizuri nyuma ya kioo kile, na nitanunua mawili. Siwezi kuzuia hilo. Nimejaribu kutafuta hoja ya kumwambia dada yako, na kila hoja niliyoipata ilikuwa somo, na wewe unajua watu wa kwenu wanavyoyapokea masomo yangu.

Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Kikimwagwa, kitamwagwa kwa sababu muda haukutosha, wala si kwa sababu niliogopa. Na kikibaki, nitawalisha mara moja kwa siku, ncha ya kidole, na siku ya juma bila chakula nitakaa nao sebuleni na mdomo wangu umefungwa kama wao. Nitajifunza maji, Mama Numbi. Nimechelewa, lakini nitajifunza.

Pumzika sasa. Umewapokea wengi, na wewe upokewe. Sitakuandikia sana, kwa kuwa nikiandika najiona nimefanya kazi, na kazi iko pale mezani, imefungwa katika kitambaa. Wewe usingenifariji. Ungenipa amri moja fupi, kama ulivyowapa wauguzi wadogo, na ungeondoka bila kungoja jibu. Basi ninajiandikia mwenyewe kwa niaba yako:

Mwalimu, leo, kabla hujala, kata kila jani lenye manyoya, hata kama mmea utabaki na majani manne.